Maoni Yetu: Wasomi wanaorudi watoe mrejesho Kibimba

Kampasi ya Kagera ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko Itahwa jirani na Bukoba, ni tunda la mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425. Mradi huohuo umewasomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu, wengine nje ya nchi. Safari hizo tunaziunga mkono. Swali letu ni nini hufuata mhadhiri akisharudi.

Kukaa nje kuna faida, na Ngara, wilaya ya Kagera iliyo mpakani mwa Rwanda na Burundi, ni shahidi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja, wakajaa kambi ya Benaco. Mwaka 1996 Bonaventure Rutinwa, mwanasheria Mtanzania, alichapisha makala kuhusu jinsi serikali yetu ilivyoikabili dharura ile. Mwaka 1999, akiwa katika programu ya masomo ya wakimbizi ya Chuo Kikuu cha Oxford, aliandika jinsi nchi za Afrika zilivyokuwa zikianza kuwafungia wakimbizi milango. Tanzania yenyewe ilikwishafunga mpaka wake na Burundi Machi 1995. Baadaye Rutinwa akarudi kufundisha Dar es Salaam. Ukiwa mbali, mwenye muda na maktaba, unauona mpaka wa Ngara ukiwa sambamba na mipaka mingine. Ofisini, katikati ya mitihani ya kusahihisha na vikao, hilo ni gumu.

Tatizo liko kwenye safari ya matokeo. Makala ya aina hii hutoka kwa Kiingereza, katika majarida ya kulipia. Mtendaji wa kata ya Kibimba, huko Ngara, atayasomea wapi?

Naye ndiye anayeanza kusumbuliwa. Mtafiti hufika na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua ya mkoa na barua ya wilaya. Mtendaji hugonga muhuri, mwenyekiti wa kitongoji humwongoza nyumba kwa nyumba, na mkulima huacha jembe aulizwe ana migomba mingapi, anadaiwa na nani, nyumbani amekufa nani. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za Kagera, zikiwamo za Ngara na Biharamulo, zilihojiwa hivyo mara kwa mara na Benki ya Dunia pamoja na Muhimbili. Watu wale wakatafutwa tena mwaka 2004 na 2010, hata waliohamia mikoa mingine. Wachumi wa dunia nzima wamezitumia takwimu hizo. Mojawapo ya matokeo: waliohama walipata nafuu ya maisha kuliko ndugu zao waliobaki. (Wasomi wetu hawakuhitaji kuambiwa.)

Tunaupendelea mtindo ambao Sweden, iliyoanza kufadhili utafiti nchini mwaka 1977, imeutumia: mwanafunzi wa uzamivu anakaa miezi kadhaa kule, kisha anarudi huku kukusanya data. Hapotezi lugha ya watu wake, wala haji kuwa mgeni kwao. Lakini hata huyo akirudi hukuta kanuni za kupandishwa cheo zinazothamini jarida la kimataifa, huku ripoti iliyosomwa mbele ya mkutano wa kijiji ikiwa haina uzito. Atafanya nini? Ataliandikia jarida. Hatumlaumu yeye; tunazilaumu kanuni.

Mabaraza ya vyuo yazibadilishe, mrejesho kwa wananchi uhesabiwe. COSTECH, ambayo tayari hudai ripoti kwa watafiti, idai na kurasa mbili za Kiswahili kwa kila kata iliyohojiwa. Kata isiyopata kurasa hizo iwe na haki ya kumkatalia muhuri mtafiti huyo atakaporudi na dodoso jipya.