Chumvi ya Jikoni na Elimu ya Atomi

Kijana mmoja wa skuli, ambaye jioni huja kusoma chuoni kwangu, ameleta swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Alisema: "Maalim, tumefundishwa kwamba chumvi tunayokula imefanywa kwa vitu viwili: sodiamu, ambayo ni madini yawakayo yakitiwa majini, na klorini, ambayo ni hewa ya sumu. Yawaje moto na sumu vikutane viwe kiungo cha mchuzi?" Mama yake alikwisha kumkanya asiyarudie maneno hayo penye sinia, akichelea wadogo zake wasije wakakikataa chakula.

Mwalimu wa skuli hakusema uwongo, wala mama hana haja ya kuogopa. Lakini ili tuifahamu khabari hii, hatuna budi kutazama kwanza ndani ya chembe.

Kila kitu tukigusacho, jiwe, maji, hata mwili wa mwanadamu, kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Jina hilo kwa Kiyunani lina maana ya kitu kisichogawanyika, na watu waliamini hivyo kwa muda mrefu. Kisha mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alivumbua vijichembe vya elektroni, vyenye umeme hasi, vilivyomo ndani ya atomi. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Manchester, akabainisha kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika katika kiini kidogo kilichoko katikati. Kiini hicho kina protoni, zenye umeme chanya, na nyutroni, zisizo na umeme. Udogo wake wastaajabisha: lau kiini cha sodiamu kingekuwa kama punje ya mtama, atomi nzima ingeupita urefu wa uwanja wa mpira.

(Waarabu wa leo huiita atomi dharra. Nawasihi vijana wasifanye haraka hapa. Neno hilo ni la kale kuliko elimu hii, na wafasiri wa zamani walilieleza kuwa ni sisimizi mdogo, au vumbi lionekanalo katika mwali wa jua. Wanasayansi wameliazima tu.)

Sasa turudi kwenye elektroni. Hizo hazikukaa ovyo, bali zimejipanga kwa matabaka kukizunguka kiini. Tabaka la kwanza huchukua 2, la pili 8, la tatu laweza kufika 18. Sodiamu ina elektroni 11, nazo hukaa 2, 8, 1. Klorini ina 17, nazo hukaa 2, 8, 7. Naomba msomaji azitazame hesabu hizi mbili kwa makini, maana jawabu ya kijana wetu imo humo.

Ziko hewa ambazo hazipendi kuungana na kitu: heliamu yenye 2, neoni yenye 2, 8, na argoni yenye 2, 8, 8. Hizo zimetulia kwa sababu ya mpango wa tabaka lao la nje. Sodiamu ina elektroni moja pekee huko nje, nayo imeshikwa kwa ulegevu. Klorini imepungukiwa na moja tu ili zitimie nane. Zikutanapo, sodiamu hutoa ile moja yake na klorini huipokea. Baada ya hapo sodiamu ina mpango wa neoni, na klorini ina mpango wa argoni. Wala hazikugeuka kuwa neoni na argoni, kwani protoni za kiini ni zile zile, 11 na 17. Ila sasa moja ina umeme chanya na nyingine hasi, basi huvutana na kujipanga safu kwa safu, kila moja ikizungukwa na sita za mwenzake. Hiyo ndiyo chumvi.

Klorini iliyo peke yake hunyang'anya elektroni za vitu inavyovigusa, na kwa hiyo huunguza macho na mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo huko Ypres, Ubelgiji, ikaua askari wengi. Klorini iliyomo katika chumvi imekwisha pata elektroni yake, haina tena cha kunyang'anya.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa tabaka la tatu huchukua 18, mbona potasiamu, yenye 19, hupangwa 2, 8, 8, 1? Ni kwa sababu ndani ya kila tabaka mna vyumba, na chumba cha kwanza cha tabaka la nne huhitaji nguvu chache kuliko chumba cha mwisho cha la tatu. Basi hujazwa kwanza. Ndiyo maana potasiamu nayo huwaka majini kama sodiamu. Na asidhani mtu kwamba elektroni hupita njia moja kama sayari, ijapokuwa Niels Bohr alizichora hivyo mwaka 1913. Hakika ni kwamba zimetanda kama wingu.

Limebaki jambo la nyumbani, nalo lawahusu khasa mama na mabinti. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe ina klorini ambayo haikutulia kama ile ya chumvi. Ikichanganywa na siki, ndimu, au dawa ya choo yenye asidi, ile hewa ya sumu hutoka papo hapo, na choo kidogo chaweza kujaa mara moja. Likitokea hilo, watu watoke nje upesi, mlango uachwe wazi, na anayebanwa na kifua apelekwe hospitali.