Basi likiwa porini Tabora, taarifa zake zinafika lini?

Novemba 1870, mfuko wa barua za Dk. David Livingstone ulifungwa Zanzibar kwenda Ujiji. Ulikaa kwanza Bagamoyo, kisha ukakwama Tabora. Mwandishi Henry Morton Stanley ndiye aliyeuchukua hapo na kumfikishia mwenyewe mwaka 1871, ukiwa umemaliza karibu mwaka mzima.

Safari ya miguu kutoka pwani hadi Tabora ilichukua kama miezi mitatu tu. Muda uliobaki uliliwa na kusubiri: wapagazi, mipango, na vita vya Mirambo vilivyofunga njia.

Mabasi ya mikoani yanayopita njia hizo leo yana tatizo linalofanana. Data zake zinasafiri kwa kasi kubwa, lakini zinachelewa kwa sababu zinasubiri.

Kifaa kinajua, ila hakina wa kumwambia

Mabasi ya masafa marefu Tanzania yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, maarufu VTS. Ulianza enzi za SUMATRA, kabla ya LATRA kuundwa mwaka 2019. Kifaa hupata mahali basi lilipo kwa satelaiti, kinapima mwendo, kisha kinatuma taarifa kupitia laini ya simu.

Hapo ndipo penye shida. Satelaiti inaonekana popote, hata katikati ya msitu. Mnara wa simu hauonekani popote. Minara hujengwa penye watu, na barabara ya Tabora kwenda Mpanda kupitia Sikonge na Koga inakatiza mapori ya miombo yenye vijiji vilivyo mbalimbali.

Mtandao ukikatika, vifaa vya aina hii huhifadhi taarifa na kuzituma basi likirudi kwenye mawimbi. Hakuna kinachopotea, ila kinafika kimechelewa.

Hesabu ya haraka

Basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo kisheria, linakwenda mita 22 kila sekunde. Taarifa ikichelewa dakika moja, basi limeshasogea zaidi ya kilomita 1.3. Likikosa mtandao kwa nusu saa, anayeangalia kioo cha kompyuta anaona mahali lilipokuwa kilomita 40 nyuma.

Kwa kumwadhibu dereva, hilo si tatizo. Rekodi ya saa 8 usiku ikifika saa 9 bado ni ushahidi. Lakini kwa kuokoa maisha, ni habari nyingine kabisa. Basi likipinduka mahali pasipo na mtandao, kifaa kinabaki na ujumbe wake hapohapo, kwa sababu basi halitafika tena kwenye mnara.

Uzito wa jambo hili uliongezeka mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi. Usiku magari mengine yanayopita ni machache, na msaada uko mbali.

Nini kinaweza kupunguza kuchelewa?

Kwanza, uamuzi ufanyike ndani ya gari. Kengele ya mwendo kasi haina haja ya kusubiri seva iliyo Dar es Salaam au Dodoma. Ikilia palepale, dereva na abiria wanaisikia, mtandao uwepo usiwepo.

Pili, foleni ipangwe upya. Kifaa kikirudi kwenye mtandao kikaanza kutuma rekodi za zamani kwanza, tukio la sasa linakaa nyuma ya mzigo wa nusu saa. Taarifa ya ajali au ya mwendo hatari ipite mbele, kama gari la wagonjwa.

Tatu, kifaa kiweze kutumia mnara wowote ulio karibu, bila kujali kampuni. Sehemu zisizo na mnara kabisa, ujumbe mfupi wa dharura unaweza kwenda kwa satelaiti. Ni gharama, lakini ujumbe wenyewe ni mdogo: namba ya gari, mahali, saa.

Nne, ni minara yenyewe. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Miradi ya namna hiyo ikihesabu pia barabara, siyo idadi ya wakazi tu, mapori kama ya Sikonge yatapata nafasi.

Kuna pia magari yanayoongea moja kwa moja kwa redio bila mnara. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2019, ina teknolojia hiyo. Mifumo hiyo hutuma ujumbe hadi mara 10 kwa sekunde. Katika muda kati ya ujumbe mmoja na mwingine, basi la kilomita 80 kwa saa linasogea mita 2.2 tu. Shida ni kwamba gari la pili nalo lazima liwe na kifaa, kwa hiyo kwa barabara zetu hiyo bado ni ndoto ya baadaye.

Kengele ndani ya basi na foleni iliyopangwa vizuri hazisubiri mnara mpya. Mmiliki wa basi na mdhibiti wanaweza kuanza na hizo. Abiria wa usiku kwenda Mpanda anachohitaji kujua ni kimoja: basi likipata shida porini, nani atajua, na baada ya dakika ngapi?