Akina Mama Walikuwapo Lango la Maji



Yapata mwaka 445 K.K., Wayahudi wa Yerusalemu walimaliza kujenga ukuta wa mji wao kwa siku 52 tu. Lakini ukuta hauponyi jamaa zilizoumizana. Katika Nehemia sura ya 5, wanaume pamoja na wake zao wanalia. Wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na baadhi ya binti zao wamekwisha kutiwa utumwani kwa sababu ya madeni. Waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe! Nehemia alikasirika sana, akawataka wakubwa warudishe mali ile, nao wakaahidi mbele ya makuhani.

Sasa soma sura ya 8. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba, watu hao hao, wadai na wadaiwa, walikusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji. Ezra akapanda mimbari ya mti, akasoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. Maandiko yanawataja wasikilizaji waziwazi: wanaume, wanawake, na wote walioweza kufahamu. Mama hakuachwa nyumbani asubiri kusimuliwa na mumewe.

Tena Walawi waliwaeleza watu maana. Sisi wauguzi twajua kwamba mgonjwa akipewa dawa bila maelezo, huenda asiitumie vema. Neno nalo ni hivyo.

Watu walipofahamu, walilia. Wakaambiwa wanyamaze, waende wakale na kunywa, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Je, umeliona jambo hilo? Usomaji ule haukuishia uwanjani, bali ulifika hata jikoni. Katika mji ambamo jirani alikuwa amechukua binti ya jirani kwa deni, sasa chakula kilitoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Hapo ndipo jamii ilipoanza kupona.

Basi, juma hili someni sura hizo mbili kwa sauti, jamaa yote pamoja. Mwache kila mtoto aeleze kwa maneno yake alichofahamu. Kisha ulizaneni: ni nani hapa mtaani ambaye leo hana cha kuinjika? Funika sahani, umtume mtoto aipeleke. Na kama kuna ndugu mliyegombana naye kwa ajili ya fedha, sahani ya kwanza iwe yake.

Bwana awabariki.