Ghorofa jirani na kituo: tunamjengea nani?

Leo naomba tuongelee ghorofa na usafiri kwa pamoja, maana naona kila siku tunaviongelea mbali mbali utadhani havijuani.

Simama pale Magomeni jioni, watu wakitoka makazini. Mwendokasi linapita limeshona, watu wanakwenda Kimara, na wengi wakishuka Kimara safari ndo kwanza nusu. Kuna Mbezi, Kibamba, kuna wa kupanda bodaboda mpaka ndani huko ambako lami haijafika. Hapo hapo Magomeni, ng'ambo ya barabara, kuna mtu kashuka kituoni, kanunua nyanya, kavuka, yuko kwake Magomeni Kota. Wote wametoka Posta saa ile ile. Mmoja anaingia ndani kabla ya adhana ya magharibi, mwingine anakuta watoto wamelala.

Tofauti ya hao wawili si bidii ya kazi wala elimu. Ni mahali jiji lilipoamua kuwaweka.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta Dar ina watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Yaani miaka kumi, watu milioni moja na ushee zaidi. Wamelala wapi hao? Wachache wamepanda juu, kwenye ghorofa. Waliobaki wamekwenda pembeni: Chanika, Goba, Mbagala ndani kabisa, Bunju, Kibamba. Kiwanja cha bei nafuu kiko mbali, chumba cha bei nafuu kiko mbali. Mwenyewe unasema afadhali, kodi ni ndogo.

Afadhali kweli? Chukulia mtu anatumia shilingi 3,000 kwa siku, kwenda na kurudi, akiunganisha magari. Siku 26 za kazi ni shilingi 78,000. Wengi wetu hiyo ni kodi ya chumba kabisa! Kumbe unalipa kodi mbili, moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa konda. Bado sijahesabu saa tatu au nne za barabarani kila siku, ambazo hakuna anayekurudishia.

Serikali haijakaa bure, tusiwe watovu wa shukrani. Mwendokasi ilianza Mei 2016, kilomita 21 za mwanzo, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka huo huo. Flaiova ya Tazara ikaja 2018, ya Ubungo 2021, daraja la Tanzanite 2022. Treni ya SGR ikaanza kubeba abiria 2024. Miaka ya nyuma ungemwambia mtu haya angekucheka.

Lakini barabara mpya ina tabia moja, inapandisha bei ya kila kilichoko kando yake. Njia ikipita, dalali anajua kabla yako. Chumba kinapanda, halafu ile nyumba ya vyumba sita yenye uwanja katikati inauzwa, inapigwa chini, inaota ghorofa ya fremu na ofisi. Mpangaji aliyekula vumbi la ujenzi miaka yote hiyo anahama. Anahamia wapi? Kule kule ambako basi halifiki. Kwa hiyo tunajenga usafiri wa watu wengi, halafu bei inawasukuma watu wengi mbali na usafiri wenyewe. Ndiyo maana mabasi hayatoshi hata yaongezwe. Kila mwaka abiria wanakwenda mbali zaidi na wanakaa kwenye kiti muda mrefu zaidi. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 tuliona subira ilipofika mwisho, abiria wakayarushia mabasi mawe kwa kukaa vituoni muda mrefu. Siungi mkono mawe hata kidogo, basi likivunjwa kioo kesho utapanda nini? Ila hasira ile haikuanza siku ile.

Ndiyo maana naipenda Magomeni Kota. Wakazi wa kota za zamani walikuwa kaya 644. Walitolewa, nyumba zikabomolewa, wakakaa miaka wakizungushwa mpaka wengine wakakata tamaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaenda pale, akaahidi watajengewa na kukaa miaka mitano bila kodi. Machi 2022 Rais Samia akazindua yale majengo. Kwa nchi hii hilo si jambo dogo. Mara nyingi watu wa kawaida wakitolewa kupisha ghorofa, wanaorudi ni wengine wenye magari. Safari hii waliahidiwa kurudi wale wale, na kituo kiko mlangoni.

Linganisha na Dege, Kigamboni. Mradi wa NSSF na mbia wake, nyumba zaidi ya 7,000 zilipangwa. Majengo yakainuka porini, mbali na ajira, mbali na usafiri wa umma wa maana. Mwaka 2016 kazi ikasimama, yakabaki magofu na fedha za wanachama ndani yake. Kulikuwa na mambo mengi kwenye mradi ule, sitaki kuyarahisisha. Ila hata ungekamilika, mtu wa mshahara wa kawaida angefikaje Kariakoo asubuhi? Ghorofa bila basi ni kijiji kilichosimama wima.

Sasa najua wadau watasema, "Waswahili ghorofa hatuliwezi." Hoja hii nimeisikia sana na naiheshimu, maana ndani yake kuna mambo ya kweli. Msiba ukitokea turubai unafunga wapi? Mama anayekaanga vitumbua barazani, ukimpeleka ghorofa ya sita anamuuzia nani? Kwa wengi wetu nyumba ya chini ni pa kulala na pa kutafutia riziki. Ukimpandisha mtu juu bila kufikiria hilo, umempa sebule umemnyang'anya biashara. Kesho anapangisha ile nyumba kwa mwenye kipato, yeye anarudi Mbagala kupanga chumba chenye baraza.

Dawa yake lakini si kukataa ghorofa. Chini kabisa weka magenge na vibanda vyenye kodi ndogo kwa wakazi wenyewe, acha uwanja wa shughuli na watoto kucheza. Sakafu ya chini isiwe ya magari peke yake, wengi wetu magari yenyewe hatuna.

Jambo la pili ni matunzo, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Nina rafiki anakaa ghorofa ya tano, katikati ya mji, jengo silitaji. Lifti ilikufa, ikawa kila mpangaji anamsubiri mwenzake atoe hela. Pampu ya maji nayo ikafuata. Mama yake ana miguu mibovu, akawa anashuka mara moja kwa wiki, siku ya kwenda kliniki. Ndoo za maji zinapandishwa na vijana kwa malipo. Yule mama hana tofauti na mfungwa, kosa lake ni kukaa juu.

Sheria tunayo, ya 2008, inayomruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na inataka wenye sehemu hizo wawe na umoja wa kusimamia vya pamoja: ngazi, paa, lifti, mabomba. Ila wangapi tunaijua? Nyumba ya chini ikivuja ni shida yako. Ghorofa likivuja ni shida ya wote, na shida ya wote kwetu huwa haina mwenyewe. Mchango wa kila mwezi usipokusanywa tangu siku ya kwanza, miaka kumi baadaye unakuwa na uswahilini uliosimama, ambao ni mgumu kuurekebisha kuliko ule uliolala.

La tatu ni uhai wenyewe. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lilianguka katikati ya jiji, watu zaidi ya 30 wakafa. Ilielezwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10, jengo likapandishwa mpaka 16. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, wafanyabiashara na wateja wakafukiwa, wengine wakipiga simu kutoka chini ya kifusi. Kila mara inaundwa tume. Tume nzuri, lakini mkaguzi anayekuja kabla ni bora kuliko tume inayokuja baada. Unamwambiaje mtu apande juu kama hana hakika nani kakagua nguzo?

Kwa hiyo mimi nashauri matatu. Kwanza, serikali ikipitisha njia mpya ya mwendokasi, itenge ardhi kando ya vituo kwa nyumba za kupanga za watu wa kipato cha chini, kabla dalali hajafika. Baadaye haiwezekani, ardhi inakuwa imeshauzwa. Pili, kila jengo la ghorofa libandike ukutani kibali chake, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, ili mpangaji asome mwenyewe kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Tatu, umoja wa wakazi uanze siku funguo zinapotolewa, usisubiri lifti ife.

Njia ya Mbagala na ya Gongo la Mboto zimeshachorwa na lami kumwagwa, na bei huko hazisubiri. Tusipowahi, miaka kumi ijayo tutakuwa na barabara nzuri sana za kutupeleka mbali zaidi na tunakofanyia kazi.

Ni hayo tu kwa leo. Wenye kukaa Kota na ghorofa nyingine, karibuni mtueleze hali halisi, maana anayelala ndani ndiye anayejua paa linavuja wapi. Na wewe unayesoma hii ukiwa umesimama ndani ya basi, shika bomba vizuri.