Breki si Urembo: Jibu kwa Walinzi wa "Orijino"

Leo sina habari za foleni ya chakula wala za mitihani. Leo nagombana.

Nagombana na wale wanaosema ukiiwekea Vespa ya zamani breki ya diski mbele basi umeiharibu, si orijino tena. Maneno haya nimeyasikia kijiweni, nimeyasikia kwa fundi, na mabaya zaidi nimeyasikia kwa wenzangu wa ualimu wanaosoma Fizikia kama mimi. Jamani, nyinyi ndio mtakaokwenda kuwafundisha watoto kani na msuguano?

Tuanze na hiyo orijino. Vespa ilitoka Italia mwaka 1946, mchoro wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Bwana huyu alitupa mnyororo, akaifunika injini, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu wa pembeni. Yaani chombo chenyewe kilizaliwa kwa kukataa mazoea! Mshindani wake, Lambretta, alishaweka diski mbele kwenye TV 175 mwaka 1962. Ilivutwa kwa waya, na ndiyo maana mpaka leo wapo wenye Lambretta hizo wanaoibadili isukumwe na oili. Piaggio nao wakaitoa PX yenye diski mbele mwaka 1998. Kama kiwanda chenyewe kimejisahihisha, wewe unamlinda nani?

Sasa hesabu, maana maneno matupu hayasimamishi Vespa. Chukua Vespa na watu wawili, tuseme kilo 240 jumla. Kwenye kilomita 30 kwa saa ina nishati ya mwendo kama jouli 8,300. Kwenye 60 ni jouli 33,000 na ushee. Mwendo umezidi mara mbili, nishati mara nne. Ukifunga breki, karibu yote hiyo inageuka joto. Kwenye breki ya dramu joto limefungiwa ndani, dramu inatanuka na kuzikimbia shuu, na wewe unazidi kuvuta mkono wa breki na hupati kitu. Mvua ikinyesha, maji yakiingia humo hayatoki upesi. Diski iko nje, inapigwa na upepo, na maji inayarusha yenyewe.

Tuseme breki nzuri inapunguza mwendo mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, na dhaifu mita 4. Kutoka kilomita 60 kwa saa, ya kwanza inasimama ndani ya mita 23, ya pili inataka mita 35. Tofauti ni mita 12, urefu wa basi kubwa. Aliyesimama ndani ya mita hizo 12 hajui kama Vespa yako ni orijino.

Mtasema mbona ya nyuma ipo. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Likishikwa sana linateleza tu. Kazi kubwa ya kusimama ni ya mbele, hapo hapo ambapo wengi wenu mmeshakata tamaa na ule mkono wa breki, mnauacha kama pambo.

"Wazee wetu waliendesha hivyo hivyo na hawakufa." Ala! Waliokufa watakuja kubishana na wewe kijiweni? Na barabara zao zilikuwa na magari mangapi? Hapa Unguja Vespa si ya maonyesho. Utaona baba kaendesha, mtoto kasimama mbele kashika usukani, mama nyuma na kikapu. Hao ndio wa kulindwa kwanza, si rangi na nembo.

Sasa nawageukia wa upande wangu, maana na nyinyi mna lenu. Wapo wanaoweka diski ili ing'ae tu. Tairi zimekwisha, shokapu ya mbele inavuja, lakini diski ina matundu ya maua! Diski haiongezi mshiko wa tairi. Tairi kipara na breki kali ni njia fupi ya kwenda chini. Na mkono wa mbele wa PX hauingii tu kila Vespa, kwa hiyo fundi akianza kukata shina la usukani na kulichomelea kwa kubahatisha, mnyang'anye funguo uondoke. Shina hilo likikatika hakuna breki itakayokuokoa.

Halafu masta silinda. Kanuni ya Pascal mnaijua: kanieneo ndani ya oili ni sawa kila pahala, kani inakwenda kwa eneo. Pistoni ya 12 mm mkononi ikisukuma ya 30 mm kwenye kalipa, kani inakuzwa mara 6 na robo. Weka masta kubwa mno, mkono unakuwa mgumu kama gogo na breki haishiki. Weka ndogo mno, mkono unafika kwenye gripu kabla ya kusimama. Ukubwa unachaguliwa, hauokotwi. Toa upepo wote kwenye mpira. Na oili ya DOT 4 hunyonya unyevu: ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango hushuka hadi 155. Kwa unyevu huu wetu wa pwani, ukiiacha miaka mitano usiniletee malalamiko.

Nakubali moja. Kama una Vespa adimu ya miaka ya 1950, inatoka siku ya Idi tu na inakwenda pole pole, iache na dramu yake. Ila ibadilishe shuu na waya, dramu iwe duara kweli. Hiyo ni kumbukumbu na inastahili heshima. Lakini inayokwenda mjini kila siku na watu watatu juu ni usafiri, na usafiri unahukumiwa kwa kusimama kwake.

Anayebisha aje na hesabu, asije na picha. Nipo.