Mtoto Asome Nini? Tuulize Mapema



Kila mwaka, matokeo ya Egzamen ya Serikali yakitoka, mitaa ya Butembo na Beni inajaa vigelegele, na vijana wanamwagiwa poda nyeupe kichwani. Ni furaha ya haki. Lakini poda ikisha kuoshwa, swali linaingia nyumbani: "Mtoto asome nini?" Baba anasema munganga. Mama anasema avoka. Mtoto mwenyewe ananyamaza. Mwezi huu tuzungumze juu ya swali hilo, kwa sababu jamaa wengi wanauza kakao, ng'ombe ao hata kiwanja kwa kulipia masomo, kisha mwaka mzima unapotea kwa kuwa mtoto alipiga hodi kwenye mlango ambao hakutayarishwa kuingia.

Jambo la kwanza tujue hivi: diploma ni moja, milango ni mingi. Kijana anapita kuanzia 50%, na diploma ile inampa haki ya kuomba nafasi. Kuomba si kupokelewa. Fakilte yenye waombaji wengi kuliko viti, kama vile udaktari ao polytekniki, inaweza kudai asilimia ya juu zaidi, ao kuwapitisha wote kwenye mtihani wa kuingia, ule tunaoita konkuru. Fakilte ingine ya chuo kile kile inaweza kuwa na nafasi. Kwa hiyo vijana wawili wenye 58% wanaweza kwenda siku moja kwenye ofisi moja, mmoja akapokelewa na mwingine akarudishwa. Hakuna aliyeonewa. Waliomba vitu mbalimbali.

Hapa kwetu vyuo viko. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza Butembo mwaka 1989, na kina udaktari, udaktari wa wanyama, kilimo, sheria na uchumi. Lukanga kuna chuo cha Waadventista. Beni kuna UCBC, iliyoanza mwaka 2007, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Basi tusiulize tu, "Chuo gani?" Tuulize, "Fakilte gani ndani ya chuo hicho, na inataka nini?"

Majirani zetu wa Uganda wanaonyesha jambo hili wazi kabisa. Wazazi wanaopita Kasindi kwa biashara wanajua jina la Makerere. Kule, kwa njia waliyoizoea miaka mingi, kila somo la mtihani wa mwisho lina pointi zake: A ni 6, B ni 5, C ni 4. Kisha pointi hizo zinazidishwa kufuatana na kazi anayoomba kijana. Somo la lazima kwa kazi ile linazidishwa mara 3, somo la karibu nayo mara 2.

Tuchukue vijana wawili wanaoomba udaktari, ambako kemia na biolojia ni za lazima, na fizikia inahesabiwa kama somo la karibu. Wa kwanza ana A ya kemia, B ya biolojia, C ya fizikia: 18 na 15 na 8, jumla 41. Wa pili ana C ya kemia, B ya biolojia, A ya fizikia: 12 na 15 na 12, jumla 39. Karatasi zao zina A moja, B moja, C moja, sawasawa. Lakini pointi 2 zinaweza kumfungia huyu wa pili mlango. Angeomba kazi inayodai fizikia kwanza, pengine yeye ndiye angetangulia.

Hata kwa mataifa makubwa, si vyuo vyote vinafanya namna moja. Kule Marekani, chuo cha Harvard kinampokea kijana kwanza, naye anachagua somo lake kubwa katika mwaka wa pili. Lakini Berkeley, anayetaka uinjinia anapimwa kwa mlango wa uinjinia tangu siku ya kuomba, na kuhamia huko baadaye ni kazi ngumu.

Hapo tuseme neno juu ya hila moja tunayoisikia sana: "Aingie kwanza mahali pepesi, mwaka kesho tutamhamisha kwenye udaktari." Wapendwa, fakilte iliyojaa mwaka huu, mwaka kesho itajaa tena. Wanaotaka kuhama wanakutana na wapya kwenye mlango ule ule, na mara nyingi kijana anaanza tena mwaka wa kwanza, pesa ya mwaka mmoja imekwisha kuliwa.

Sasa tufike kwenye mzizi. Kwetu mlango hauanzi kufungwa kwenye ofisi ya chuo kikuu. Unaanza mwishoni mwa mwaka wa 8, mtoto akiwa na miaka 14 hivi, anapochagua seksio. Mtoto anayependa udaktari, lakini amewekwa komersiale kwa sababu shule ile iko karibu ao bei yake ni ndogo, atafika kwenye konkuru bila kemia ya kutosha. Atapimwa pamoja na wale walioshika kemia miaka minne. Si kwamba hana akili. Tulimtuma shambani bila jembe.

Na wale wanaonunua pointi, tuwaambie ukweli. Asilimia ya kununua inaweza kumfikisha mtoto mlangoni. Konkuru itamuuliza yeye peke yake, na mwaka wa kwanza utamuuliza tena.

Vijana wa Manguredjipa na wa machimbo mengine, ninyi mnaopata dhahabu kidogo na kulipia wadogo zenu, swali hili ni lenu pia. Mawe mnayoyajua kwa mikono yana masomo yake: jiolojia inafundishwa katika chuo cha serikali cha Bukavu na cha Lubumbashi. Mlango wake unapenda hesabu, fizikia na kemia. Mdogo wako akizipenda, usimlazimishe sheria kwa sababu ya suti ya avoka.

Basi tufanye nini? Mtoto akiwa mwaka wa 7, tuangalie pointi zake somo kwa somo, si nafasi yake darasani tu. Tuongee na walimu wake na prefe kabla ya kuchagua seksio. Akikaribia kumaliza, mzazi aende mwenyewe kwenye fakilte aulize: mnapokea seksio gani? Asilimia ngapi? Konkuru iko siku gani, na juu ya masomo gani? Aandike majibu kwenye karatasi. Kisha mtoto achague milango miwili: ule anaoutamani, na mwingine ambao atauingia kwa moyo mweupe kama wa kwanza ukifungwa. Mlango wa pili usiwe adhabu. Beni na Lubero zinahitaji sana wajuzi wa kakao, kahawa na mifugo.

Zaidi ya yote, tumwache mtoto aseme. Yeye ndiye atakayekaa kwenye benchi ile miaka yote, sisi tukiwa shambani.