Volkswagen Haikuokolewa na Ujerumani

Katika gereji za Katwe na maduka ya spea ya Kisekka, hapa Kampala, kuna hoja ambayo haina mpinzani: Volkswagen Beetle za zamani bado zinaonekana barabarani, Morris Minor zimetoweka; kwa hiyo gari la Mjerumani ni chuma, la Mwingereza lilikuwa bati. Hoja hiyo ni potofu, na inatutia hasara hadi leo.

Beetle ina sifa zake, sizikatai. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, ikashinda tena 1962. Injini yake imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayoisukuma, na ndiyo maana ilipenya tope la masika wakati wenzake wamekwama. Haina rejeta, basi haina maji ya kuchemka mlimani. Lakini mkanda wa feni inayoipoza ukikatika na dereva akakaidi kusimama, injini ile huungua. Na wanaoitaja Safari kama ushahidi hawataji mwaka 1964, gari la Kiingereza, Ford Cortina, lilipotwaa ushindi.

Minor ilitoka 1948, kazi ya Alec Issigonis, mhandisi yuleyule aliyebuni Mini baadaye. Usukani wake ulikuwa mwepesi na ulitii, na kwenye kona ilitulia kuliko Beetle. Ugonjwa wake mafundi wanaujua: viungo vya chini vya magurudumu ya mbele visipopata grisi huchomoka, gurudumu likalala. Huo ni uzembe wa mwenye gari. Bomba la grisi na dakika chache vilitosha.

Kilichoiua Minor hapa kwetu ni spea. Uzalishaji wake ulikoma 1971. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka mengi ya magari na vipuri yalikuwa mikononi mwao. Kisha fedha za kigeni zikaadimika. Minor ikabaki yatima. Beetle iliendelea kuundwa, Mexico hadi 2003, kwa hiyo pistoni na silinda mpya ziliendelea kuwako duniani miaka thelathini baada ya mwenzake kuachwa.

Mtaa wenyewe unathibitisha haya. Kampala imejaa Toyota zilizotumika Japani kwa sababu kipuri chake unakipata Kisekka asubuhi na jioni gari linatembea. Hata hivyo, bado mtu anakusanya akiba yake yote kununua nembo ya Kijerumani, haulizi bei ya kipuri hata kimoja, halafu gari linalala uani miezi.

Uchungu wangu mkubwa ni kwa zile Minor chache zilizobaki, zinazopimwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Spea za Minor sasa zinatengenezwa upya Uingereza, hata vile viungo vya mbele, na zinaagizwa kwa simu. Anayeikata leo anakata gari linalotengenezeka.